Damu Katika Pombe ya Mvua

Sabhuku Mukaratirwa, mkuu wa kijiji, hakujua mke wake ana miaka mingapi, lakini hedhi za wanawake wengine alizifuatilia kama mwenye duka na rafu zake. Ni lazima, alisema: pombe ya kuombea mvua hupikwa na waliokoma hedhi, na mwenye damu akigusa mtungi, mizimu hususa.

Mama Svodai alikuwa amekaa miezi saba bila kuona kitu. Mjumbe wa Sabhuku akamfuata shambani. "Shangazi, tumesikia umeshakauka. Kapike."

Akaenda. Siku ya tano, uji wa kimea ukitokota mara ya pili, akahisi unyevu mapajani. Damu, nzito kuliko ya ujanani.

Angeweza kunyamaza. Lakini alikumbuka mwaka wa ukame mkubwa, yeye akiwa bi harusi mpya, jinsi bibi Revai, mpishi wa pombe wa wakati huo, alivyofukuzwa kijijini akiwa na blanketi moja tu kwa damu kama hii. Mvua haikunyesha hata hivyo, na mahindi ya msaada yaliliwa na fukusi ghalani kwa baba yake huyu huyu Sabhuku. Hakuna aliyemfukuza baba.

Akawaambia wazee waziwazi.

"Mwanamke mzima hujui mwili wako?" Sabhuku alifoka.

"Siujui. Mara wiki mbili, mara miezi saba. Wewe ndiye uliyetuma kusema umeujua."

"Utahama, kama Revai."

Mama Chirambwi, mpishi mwenzake aliyekuwa akichochea moto, hakuinua hata kichwa. "Basi tuhame wote. Yangu nilidhani imekwisha, juzi ikarudi siku tisa."

"Yangu inakuja kama shemeji mlevi," alisema Shangazi Ndakaziva, mpishi wa tatu na wa mwisho. "Haibishi hodi, na haisemi inaondoka lini."

Wanawake wakacheka. Wazee wakatazama viatu vyao.

"Mambo haya hayasemwi mbele ya wanaume," alisema Sabhuku.

"Aliyetumwa kuniambia nimekauka alikuwa na ndevu," alijibu Mama Svodai, akamtia mwiko mkononi. "Katika kijiji hiki, asiyetoka damu kwa hakika ni wewe. Pika."

Povu lilikuwa linapanda. Sabhuku alilitazama, asijue akoroge au apunguze kuni, na wanawake watatu wakaketi kivulini kumwangalia. Habari ya kuhama hakuirudia. Uji ulifurika, ukazima moto.