Goti la Msichana wa Katikati

Nyinyi wenye watoto wa kike, nnakuandikieni yaliyomfika jirani yangu Mahbuba, hapa mtaani kwetu Darsait, yasije yakakufikeni na nyinyi. Mwenyewe kaniruhusu.

Mwaka jana, 2003, binti yake Nouf, wa miaka kumi na nne, alishikwa na mapenzi ya waimbaji wa Kijapani: wasichana saba wanaocheza pamoja, sare moja, sketi fupi na soksi ndefu. Alianzia kwenye katuni za televisheni, zile za wasichana wenye macho makubwa wanaosema Kiarabu fasaha kutushinda sisi. Halafu kaka yake Majid, aliyekuwa akisoma huko Japani, akamletea picha kubwa ya waimbaji hao. Nouf akaibandika ukutani kwa gundi. Kila jioni akimweleza mamake: huyu ndiye mkubwa wao, huyu mwoga, na huyu wa katikati, mwenye bendeji gotini, aliumia mazoezini na bado anacheza mbele ya watu, wala hafichi. Mahbuba akiitikia tu, huku anakunja sambusa.

Ijumaa moja pakawa na maulidi nyumbani kwake. Wageni wangeweka mabuibui yao chumbani kwa Nouf, na Mahbuba akaona haya kwa yale mapaja. Kuibandua picha, itachanika. Basi akachukua kalamu nene ya wino mweusi, kama wafanyavyo wakaguzi wa magazeti ya kigeni kwa picha za wanawake, akawashushia sketi wote saba mpaka vifundoni. Na mitandio akawatia.

Nouf aliporudi wanawake washajaa chumbani. Shangazi yake, Bi Sabah, alikuwa anasema waimbaji hawa sasa wanakwenda mazikoni, na watu hoi kwa kicheko, Mahbuba pamoja nao. Mtoto akasimama mlangoni anaitazama picha.

"Sijaitupa, mwanangu," Mahbuba akamwambia. "Nimewasitiri tu."

"Na goti lake?"

"Goti gani tena?"

Nouf akainua kanzu yake mbele ya wote. Mguu wake wa kushoto una kovu la chai ya moto, limeshuka toka juu ya goti mpaka chini. Tangu mdogo, kila wakitoka, mamake humwambia shusha nguo, watu wasione. Wengi mle chumbani hata hawakujua kama lipo.

"Hili umelisahau," akasema. "Wino umebaki?"

Mahbuba alikuwa na sinia la halwa mikononi, hajui pa kuliweka. Bi Sabah akainamisha uso, anatafuta buibui lake ambalo hakulivua.

Baadaye Mahbuba alijaribu kuifuta picha kwa spiriti, akaanza na yule wa katikati. Wino ukatoka pamoja na rangi; pale penye goti pakabaki doa jeupe.

Ndiyo maana nnasema, waulizeni watoto wenu wanapenda nini kwenye kitu kabla hamjakitia mkono. Mahbuba sasa anauliza. Hukaa kitandani kwa Nouf, akanyoosha kidole ukutani: yule mwoga ni yupi?

"Sijui, mama," Nouf humjibu, kwa adabu kabisa.