Kumrudisha Faquir Chini

Faquir alipanda juu kwa pupa kwa sababu kompresa ya hewa ilizima. Alikuwa pima kumi na tano chini, nyuma ya kisiwa cha Rongui, anaokota majongoo bahari, na hewa ikakatika kwenye mpira. Tukamvuta ndani ya mashua. Akasema miguu haipo.

"Ipo, naiona," akajibu Hamido, kaka yake na mwenye mashua. "Mibaya kama siku zote."

Akamfinya paja. Faquir hakusikia kitu.

Mimi nimeshika mipira ya wazamiaji tangu Mafia hadi Bukini, nayajua haya. Hewa unayoivuta chini hukaa mwilini, hutaka kutoka polepole. Ukipanda haraka inafoka kama soda iliyotikiswa. Hospitali ilikuwa mbali. Dawa niliyoijua ni kumrudisha kulekule, kisha apande kidogo kidogo, saa mbili nzima.

Tukaiwasha kompresa, tukamfunga jiwe kiunoni.

"Kaa tu kama bibi harusi," nikamwambia. "Nikivuta kamba, panda pima mbili, usimame."

"Bibi harusi huletewa chakula, mzee." Akauma mpira, tukamshusha.

Robo saa haijapita, kamba ya kapu ikatikisika. Hamido akavuta. Kapu limejaa majongoo.

"Epá! Mgonjwa gani huyu?" Akacheka mpaka akakaa.

Mimi sikucheka. Nilimweleza yote ila hili: kwamba ukirudi chini ganzi huisha, ukadhani umepona. Na ishara ya kumwambia atulie sikumpa. Niliyompa ni ya kupanda tu.

Mara Faquir akaibuka bila jiwe, anapiga miguu yote miwili, akajipandisha mwenyewe. "Kaka, tazama! Mzee huyu daktari!"

Hamido akamkumbatia, akazima kompresa.

"Rudi chini," nikasema.

"Nikafanye nini? Nimepona."

"Rudi, nakuomba."

"Mzee, umeshashinda, bado unabisha?"

Faquir akaomba maji. Kikombe kikamponyoka. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akakohoa povu jekundu, akalala.

Hamido akawasha kompresa, akatafuta jiwe jingine, akaanza kumfunga.

"Saa ngapi safari hii, mzee? Sema tu. Hata sita."

Nikamtia Faquir mpira mdomoni. Meno hayakuuma. Nikambana midomo kwa vidole. Nilipoachia, mpira ukaanguka, unapuliza hewa juu ya mbao. Hamido alikuwa bado anakaza fundo.