Maelezo ya Nne, Toleo D

Vishikio sitini vya bawa la ndege vilikuwa vimepangwa mezani, na kipini cha kupimia kiligoma kuingia hata kwenye tundu moja. Mkaguzi alijaribu cha kwanza, akajaribu cha mwisho, akashusha pumzi. Vyote vilichongwa na mjomba wake, ambaye karakana nzima ilimwita Milimita, mtu aliyesemekana kupima hata sukari ya chai. Ndiye aliyemfundisha mpwa wake kazi hii tangu alipomaliza shule.

Akaukunjua mchoro. Picha ilikuwa ile ile ya miaka yote. Lakini pembeni, kwenye jedwali la mabadiliko, toleo D lilikuwa na mstari mmoja tu: maelezo ya nne yamebadilishwa. Zamani matundu yalipimwa kabla ya kupaka rangi ya kinga. Sasa kipimo kilitakiwa kutimia baada ya rangi kukauka. Rangi huziba tundu kidogo, na kwenye ndege hicho kidogo si kidogo.

Akamwita mjomba wake.

"Shikamoo mjomba. Hebu nisomee maelezo ya nne."

"Marahaba. Vipimo vyote kabla ya rangi," Milimita alijibu chapuchapu, akigongagonga karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya jina la kiwanda.

Mpwa akakitazama kidole kile, kisha macho ya mzee.

"Tangu lini, mjomba?"

Mzee akakiondoa kidole kwenye karatasi. "Mwaka wa pili huu. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto ni ukungu mtupu. Lakini michoro yote ninayo kichwani, mwanangu. Sikuona haja ya kusumbua watu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hawakukosea. Ila hawakusema nani atapewa kazi ya kumuumbua.

Fomu ya kasoro ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu.

"Andika sikusoma," mzee alimsihi. "Andika uzembe. Mzembe hupewa onyo, kesho yake yuko kazini. Mimi nikikaa nyumbani nitafanya nini? Nitahesabu kuta?"

Mpwa alitaka kuandika hivyo, tena alitaka sana. Wanaosema haki haina ndugu hawajawahi kuishika ile kalamu. Lakini vishikio hivi sitini vilikuwa vimekamatwa. Vya mwezi ujao je, na vya mwezi utakaofuata? Akaandika, machozi yakimtoka waziwazi.

"Umeandika nini?"

Mpwa akamsogezea fomu.

"Nisomee basi."

Akamsomea: fundi haoni herufi za mchoro, asipewe tena kazi ya kuchonga. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaomba kalamu atie sahihi. Ncha ikatua nje ya karatasi, juu ya meza. Mpwa akaushika mkono wa mjomba wake, akausogeza mpaka kwenye mstari.