Dakika Moja ya Kibwana

Kibwana alikuwa na duka la kupiga chapa Msambweni, kompyuta mpya ya Pentium, na maneno mengi. Ramadhani ya mwaka tisini na saba ilipokaribia, alitunga programu ya kukokotoa saa za swala kwa kila kijiji kuanzia Waa hadi Vanga, kwa miaka hamsini. Nani alimwomba miaka hamsini? Hakuna. Lakini alikuwa amemposa Mwanamisi, na baba yake Mwanamisi, Mzee Mwero, hakuwa mtu wa kuridhishwa na kidogo.

Mwanzoni kazi ilichukua asubuhi nzima. Kibwana akaona aibu, Pentium nzima kukokota miguu! Akaiunda upya programu kwa ajili ya mashine ile tu, kwa njia zake za mkato, akakata pia tarakimu za mwisho za hesabu. Ikamaliza kabla chai haijapoa. Kompyuta kuukuu ya madrasa haikuzijua njia hizo, kwa hiyo huko alipeleka ile ya kwanza, ya polepole. Programu ni ile ile, alijiambia, mwendo tu ndio tofauti. Kulinganisha majibu? Mwenye haraka halinganishi.

Karatasi ya madrasa alipewa Bakari, mwadhini. Ya Pentium, yenye nakshi pembeni, Kibwana alimpelekea Mzee Mwero, ambaye kwa miaka alilalamika kwamba Bakari huchelewesha magharibi makusudi. Sasa alikuwa na ushahidi. Siku ya kwanza ya mfungo alikaa barazani akiitazama saa. Dakika ilipotimia akasema bismillahi, akala tende. Alikuwa anaitafuta ya pili adhana ilipolia.

Alifika msikitini amefura. "Bakari, umetuweka na njaa dakika nzima! Kompyuta imesema!"

"Na yangu imesemwa na nani, mzee?" Bakari alitoa karatasi yake.

Chini ya zote mbili palikuwa na jina la Kibwana. Watu wakageuka kumtazama kijana aliyejibanza nyuma ya birika la kahawa.

"Ipi ya kweli?" aliuliza Mzee Mwero.

Angeweza kuisingizia ile kuukuu, na nani angeitetea? Lakini alimwogopa Mungu kuliko mkwe, ingawa si kwa mbali.

"Ya madrasa, baba. Yangu niliipa mbio, nikaikata hesabu. Ilipaswa kujibu neno moja kwenye kila mashine. Sikuangalia."

"Kwa hiyo mimi nimekula mchana."

"Ndiyo, baba."

"Wa Ramadhani."

"Ndiyo, baba."

Bakari alikohoa ili asicheke, akashindwa. Kibwana aliiona posa yake ikizama.

"Siku hii nitailipa baada ya Idi," Mzee Mwero akasema mwishowe. "Nawe utafunga pamoja nami. Magharibi utafuturu kwangu, na mama yako aje."

Kwao, kijana aliyeposa haitwi kula ukweni mpaka awe amekubaliwa. Machozi yalimlenga Kibwana. Kwa furaha akaahidi kuzirudia hesabu zote kwa ile ya polepole, hata ikichukua asubuhi nzima.

"Ichukue mchana kutwa," alisema Mzee Mwero. "Mtu aliyefunga ana haraka ya kwenda wapi?"