Wageni wa Blogu ya Kisima

Jumanne saa nne asubuhi, katika ofisi ya mradi iliyopangishwa Ipagala, Anitha alikuwa anaunganisha mfumo wa kuhesabu wageni kwenye blogu. Bosi wake, Mratibu Elisante, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akinywa kahawa aliyochemshiwa na mtu mwingine, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa kila kitu.

Elisante alikuwa na vyeti vingi kuliko kazi alizowahi kumaliza. Alivaa koti hata mwezi wa kumi, jua la Dodoma likipasua vichwa, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "mwonekano". Wafadhili wa ng'ambo walitaka kujua habari za kisima zinasomwa na watu wangapi kabla ya kutoa fedha za awamu ya pili. Habari yenyewe ilikuwa moja tu: picha ya wanawake wakishangilia maji yanayotoka kwenye pampu ya mkono, katika kijiji kimoja kupita Zuzu.

Anitha aliijua picha hiyo, maana yule aliyecheka meno yote nje alikuwa Shangazi Loisi, dada wa baba yake. Pampu haikuwahi kutoa maji hata siku moja. Yale ya kwenye picha wanawake waliyachota wenyewe kwenye mashimo waliyochimba mchangani korongoni, mwendo wa saa moja na nusu, wakayamimina ndani ya pampu kwa juu ili yatoke mbele ya kamera. Elisante akawashukuru, akapanda gari, na wao wakarudi korongoni kutafuta ya kupikia.

Mfumo ulipouliza taarifa za wageni zipelekwe wapi, Anitha alitaka kuandika anwani ya barua pepe. Elisante akakataa.

"Andika anwani ya ofisi. Namba ya kiwanja, mtaa, mapokezi. Mgeni apokelewe, asaini kitabu. Hii si ofisi ya kihuni."

Anitha akaandika kama alivyoambiwa, akahifadhi.

Mgeni wa kwanza alifika saa nne na dakika ishirini. Alikuwa mfadhili, mwanamume mrefu mwenye kaptula, aliyekuwa ameifungua blogu huko kwao ng'ambo. Alitokea kwenye benchi la mapokezi, akasaini nusu ya jina lake kwenye kitabu cha wageni, akatoweka. Alikuwa amekaa sekunde nne. Baada yake walikuja wenzake sita, na hakuna aliyefikisha sekunde kumi. Mmoja hata makalio yake hayakugusa benchi. Elisante aliwapigia makofi wote.

Saa nane mchana wakatokea wanawake ishirini na watatu kwa mpigo, na ndoo zao. Kijijini kulikuwa na simu janja moja, ya Zipora, mke wa mchungaji, nao walikuwa wameizunguka kuitazama ile picha. Mfumo ulihesabu simu moja, mgeni mmoja. Benchi lilijaa, waliobaki wakakaa sakafuni. Zipora akaandika majina yote kitabuni, na kwenye safu ya madhumuni akaandika: Kuangalia maji.

"Shikamoo, shangazi," Anitha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Pampu je?"

"Ipo," alisema Shangazi Loisi. "Tunafungia mbuzi."

Alikuwa anautazama mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kwenye kona. Elisante akachungulia kutoka ofisini kwake. "Hao ni wageni wa mtandaoni," alisema. "Hawanywi."

Anitha alimdharau mtu huyu tangu siku ya kwanza kazini. Akajaza kikombe, akampa shangazi yake kwa mikono miwili. Shangazi Loisi akapiga funda moja kubwa, na bando la Zipora likaisha. Wanawake wakatoweka pamoja na ndoo zao, na yale maji, ambayo bado alikuwa nayo kinywani, yakamwagika kwenye benchi. Elisante akaagiza lifutwe.

Walichanga bando lingine, wakarudi kesho yake, na keshokutwa, kila siku dakika arobaini. Elisante alitaka wazuiwe kwa sababu waliingiza vumbi. Kisha akaiona takwimu ya muda ambao mgeni hukaa kwenye ukurasa, ikipanda kama mahindi ya masika, na akanunua mabenchi mawili zaidi.

Mwisho wa mwezi, Anitha ndiye aliyetuma ripoti kwa wafadhili. Aliambatanisha nakala za kitabu cha wageni, kurasa zote, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: Pampu haitoi maji. Haijawahi. Alijua anaweza kufukuzwa, akatuma.

Hakufukuzwa. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Wafadhili walifurahishwa mno kuona jinsi wanajamii wanavyoipenda habari yao, wengine wakiitazama dakika arobaini kwa siku. Awamu ya pili imekubaliwa: fedha zote zitatengeneza blogu mpya yenye video. Kuhusu pampu, suala hilo limepokelewa. Elisante aliusoma ujumbe mara tatu kwa sauti, na mara ya tatu alisimama.

Mchana wanawake walipotokea kwenye mabenchi, Anitha alimwendea shangazi yake.

"Shangazi, pampu hawataigusa. Wametoa hela za blogu nyingine. Itakuwa na video."

Shangazi Loisi akafikiri kidogo. "Hiyo video ina sauti?"

"Ina sauti."

Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kigogo, na mmoja baada ya mwingine wakaitikia kwa vichwa.

"Basi si haba," alisema. "Watoto wanaolilia maji wakiyasikia watanyamaza."