Mama Mkwe Anajifunza Kuanguka

Dorkas alianza judo akiwa na miaka hamsini na miwili, na kama unataka kucheka, cheka sasa tuendelee. Mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka. Alipeleka dumu la mafuta ya alizeti kwa mke wa Gasto, mwalimu wa judo pale Singida mjini, akamkuta Gasto ndani ya ukumbi wa kanisa, amepanga magodoro na kuyafunika turubai, anawaambia vijana: "Kupigana baadaye. Kwanza mjue kuanguka." Kicheko kikakatika, maana kuanguka ndiko kulikomharibia maisha.

Msimu uliopita aliteleza kwenye mashine ya kukamua alizeti, pale sakafu inapolowa mafuta na mashudu, akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga. Woga ukabaki. Akawa anatembea akishika kuta, mvua ikinyesha hatoki nje, na mashineni, alikofanya kazi miaka kumi na tisa akamlea mtoto peke yake, hakukanyaga tena. Binti yake Witness, ambaye ameolewa mtaa wa pili, alimletea chakula kila siku pamoja na kauli ileile: "Mama, wewe tulia tu nyumbani." Kutulia! Mtu aliyezoea kuamka akiwaza gunia la nani litatangulia kukamuliwa, unamwambia atulie, kwani amekufa? Na sasa alizeti zilikuwa zimeanza kukauka mashambani. Akitaka kurudi mashineni msimu huu, ilibidi woga umtoke kabla ya mavuno.

Basi Jumanne iliyofuata akaenda kwa Gasto, amevaa suruali ya michezo chini ya kanga, na Witness hakuambiwa. Akafundishwa: kidevu kifuani, mgongo uwe duara, mkono upige godoro kabla ya mwili. Akichuchumaa na kujiangusha mwenyewe, aliweza. Shida ilikuwa vijana. Gasto akisema, "Haya, mtupe mama," kijana anamshika kola kwa vidole viwili, anasema, "Shikamoo mama, samahani mama," halafu anamshusha taratibu kama trei la mayai. Wiki mbili nzima alilazwa chini kwa adabu mpaka akakaribia kusinzia. Gasto alifoka weee, hakuna aliyethubutu. Nani anataka kusikika mtaani kwamba amempiga mwereka mama wa watu?

Dorkas aliwashukuru, lakini akitoka nje bado alishuka ngazi akishika ukuta. Kulazwa si kuanguka, na mwili wake ulilijua hilo.

Wiki ya tatu akaingia Peniel. Huyu Peniel ni mume wa Witness. Alikuwa mwanafunzi wa Gasto tangu mwanzo wa mwaka, ila wiki hizo alikuwa Rungwa kununua asali, na mkwe atajuaje starehe za mkwewe? Kwa jinsi Dorkas alivyolelewa, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawali sahani moja. Peniel akifika kwake husalimia akiwa mlangoni, macho chini. Sasa Gasto, mtu wa Morogoro asiyejua nani ni nani, alifurahi kupata mwanafunzi mwenye mwili. "Peniel! Njoo huku. Wewe ndiye utakayemtupa huyu mama."

Peniel akageuka. Mama mkwe wake alikuwa ndani ya suruali, chali, miguu juu.

Yule mwanamume aliruka kuelekea ukutani, akaugeukia ukuta, akasema, "Shikamoo mama." Dorkas alijifunika kanga hadi kichwani. "Marahaba, baba," akajibu kutoka humo ndani. Peniel aliambaa na ukuta hadi mlangoni, akatoka bila viatu. Dorkas hakuwahi kuona aibu kama ile tangu azaliwe.

Hata hivyo Alhamisi alirudi. Alijiambia kwamba akikosa siku moja hatarudi tena, na alikuwa anajijua.

Witness alimfuata hukohuko. Alisimama mlangoni na kanga mabegani, akamwita mama yake hadi kibarazani, vijana wakajifanya wanakunja magodoro.

"Mama, Peniel hali. Kila nikimwekea ugali anaangalia pembeni. Nimemlazimisha ndiyo akanieleza."

"Mwambie anisamehe. Sikujua kama yuko hapa."

"Mwambie mwenyewe basi! Twende nyumbani."

"Siendi, Witness. Nataka kurudi mashineni."

"Mashineni?" Sauti ya Witness ikapanda, Kiswahili kikamtoka, akamalizia kwa Kinyaturu yale ambayo mtoto hamwambii mzazi mbele za watu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikuogesha miezi miwili, mama. Nilikusuka, nikakumegea tonge. Kila simu ikiita nadhani naambiwa umeanguka. Unataka nianze upya?"

Dorkas alikuwa amedhani woga ule ni wake peke yake.

Witness akamshika mkono, akavuta. Dorkas akajivuta nyuma. Kiganja cha binti kilikuwa kimelowa jasho, kikateleza, na mama akaondoka mzimamzima kuelekea kwenye saruji.

Hapakuwa na godoro, wala wa kusema samahani mama. Kidevu kilienda kifuani chenyewe. Mgongo ukawa duara, mkono ukaipiga saruji kwa kishindo kilichowatoa vijana wote nje. Mkono uleule wa kulia.

"Nimemuua mama!" Witness alipiga magoti, akamshika bega, kiwiko, akakamatakamata mfupa baada ya mfupa huku analia.

Dorkas alikuwa anatazama mawingu. Kiganja kilimwaka moto. Alikunja vidole kimoja kimoja, vikakunjika.

"Witness," alisema. "Nimeanguka."

"Najua, mama, nisamehe."

"Hujanielewa, mwanangu. Nimeanguka." Akainuka mwenyewe, ukuta uko hatua mbili kutoka pale alipo, hakuugusa. Machozi yalimtoka kwa furaha, akayaacha.

Witness, angali amepiga magoti, akamtazama mama yake aliyesimama. Akafuta pua kwa pindo la kanga.

"Humu ndani nani anakutupa?"

"Hakuna. Wananiamkia tu."

Gasto akakohoa, akasema kwamba kuanzia leo, Jumanne ni ya Peniel na Alhamisi ni ya mama, yeye hataki kesi za wakwe. Witness alikuwa anavua kandambili. Akaingia ukumbini, akakanyaga turubai kwa wasiwasi, akamuuliza mwalimu mtu anashikwa wapi.

Alishika kola ya mama yake kwa mikono miwili. Dorkas akaishika kutoka juu, akaikaza.

"Usinilaze," alimwambia.

Witness akafumba macho, akamtupa.