Nusu ya Saba

Nyumba ile ilikuwa na kalkuleta moja, na kalkuleta hiyo ilikuwa na cheo. Iliitwa Hakimu. Kaka Injinia aliinunua alipoanza chuo, nyeusi, yenye kifuniko cha kuteleza na vitufe vingi ambavyo nusu yake hakuna aliyewahi kuvigusa, na tangu hapo kila ubishi wa namba pale nyumbani uliishia kwake. Kaka aliitumia kupigia hesabu za mapaa na ngazi za majengo. Kitinda, mdogo wao wa mwisho, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, aliichukua bila kuomba, kama vitinda mimba wanavyochukua kila kitu. Lakini aliyeiamini kuliko wote ni dada yao wa kati, nesi wa wodi ya watoto wachanga. Kazini walimwita Sista Mkali, na jina hilo hakulichukia hata kidogo.

Mkali alikuwa kweli. Sauti yake ilifika kitanda cha mwisho kabla yeye hajafika cha kwanza. Alikemea kucha ndefu, alikemea wageni waliokaa vitandani, alimkemea hata daktari aliyesahau kunawa. Lakini watoto wake walipona, na watu humvumilia mengi mtu anayeijua kazi yake.

Ijumaa asubuhi walikuwa mezani wanakunywa chai kabla kila mtu hajashika njia yake. Kaka alikuwa ametandaza mchoro wa ngazi mbele yake, Hakimu mkononi, anabonyeza na kuguna.

"Jamani, huyu kapatwa na nini? Nabonyeza nukta, haiandiki."

"Kazeeka kama wewe," Kitinda akasema.

"Hebu sikilizeni. Saba gawanya kwa mbili." Akabonyeza, akawageuzia kioo waone. "Tatu! Nusu ya saba siku hizi ni tatu. Hicho kipande kilichobaki kala nani?"

Wakacheka wote. Dada naye alicheka, mkate mdomoni.

"Ah, ni mimi huyo," Kitinda akasema, akiinyakua. "Jumatatu nilikuwa natafuta kosa kwenye programu, nikaiweka kwenye hesabu za kompyuta, zile za sifuri na moja. Huko hakuna nukta. Kinachobaki inakikata, inakitupa. Nikasahau kuirudisha." Akabonyeza vitufe viwili. "Haya, tatu na nusu. Hakimu kapona."

"Tangu Jumatatu?" Dada akauliza.

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Dada alikiweka kikombe chini, kikagonga sahani, chai ikamwagikia mchoro wa Kaka. Kaka alianza kulalamika, akamtazama usoni, akauacha mchoro ulowane.

Jumanne ndiyo siku aliyomtia Hakimu kwenye mkoba na kwenda naye kazini, kwa sababu kalkuleta ya wodi ilikuwa imekwisha betri.

Wodini kuna sheria ambayo yeye mwenyewe huwafundisha manesi wapya, kwa ukali, kidole juu. Dawa ya mtoto mchanga hupigiwa hesabu na watu wawili, kila mmoja peke yake, kila mmoja na kalkuleta yake, kisha majibu yanalinganishwa. Jumanne aliletwa kichanga mwenye homa, wa kike, gramu elfu mbili na mia tisa. Kwa dawa ile, uzito unagawanywa kwa elfu moja na mia tano kupata mililita. Sista Mkali akabonyeza. Mwenzake wa zamu, Mama Pacha, akamwambia, "Yangu iko kwenye mkoba, niazime huyo huyo Hakimu wako, tusipoteze muda," naye akabonyeza.

"Mililita moja," alisema Sista Mkali.

"Na mimi moja," alisema Mama Pacha.

Wakatia sahihi kwenye kadi ya kitanda. Watu wawili walikuwa wamemuuliza shahidi mmoja, wakafurahi kwamba wamekubaliana. Na zamu zilizofuata zilivuta mililita moja kila mara, kwani nani angepekua hesabu ya Sista Mkali?

Jibu lilikuwa karibu na mbili. Mtoto yule alikuwa anapewa nusu ya dawa.

Dada hakusubiri kunawa mkono wenye chai, akakimbilia kazini. Njia nzima alikuwa akiipiga hesabu ile kichwani, na kila mara ilitoka sawasawa bila shida yoyote, na hapo ndipo aibu ilipoanza kumwingia. Hesabu hiyo haikuhitaji mashine. Mtoto wa shule angeona kwamba elfu mbili na mia tisa haiwezi kuwa elfu moja na mia tano mara moja tu. Yeye alifurahia namba iliyokuja safi, isiyo na mkia, rahisi kuvuta kwenye sindano, akaacha akili yake mlangoni.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi, nalo lilimkuta kwenye ngazi za hospitali akasimama kushika ukuta. Alhamisi homa ilikuwa imepanda. Mama wa mtoto yule, binti mdogo tu, uzazi wake wa kwanza, alikuja kumwambia kwa woga kwamba mwanawe anazidi kuchemka. Na yeye, katikati ya wodi, akina mama wote wakisikiliza, alimpasha.

"Hajambo atakuwaje, unamviringisha mablanketi kama mzigo wa safari? Dawa zetu hazina kosa, mama. Kosa ni lako wewe. Umetaka mtoto, jifunze kulea!"

Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka kidogo. Mama mkwe wa yule binti alikuwepo, amekuja na chupa ya uji. Alimtazama tu mke wa mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni. Binti akasema, "Nisamehe, sista," akaanza kufunua mablanketi.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa Sista Mkali alimwambia daktari kila kitu, bila kujitetea. Daktari, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, alipiga hesabu upya kwa kalamu, akamwita Mama Pacha naye apige ya kwake kwa kalkuleta yake mwenyewe, wakarekebisha dozi papo hapo. Kadi nyingine zote zikakaguliwa, nazo zilikuwa sawa. Mama Pacha alikwenda kulia stoo, kati ya maboksi ya pamba.

"Ripoti tutaiandika leo," daktari akasema. "Mama wa mtoto ataambiwa baada ya mkuu wa idara kuisoma. Usijibebeshe peke yako."

Yalikuwa maneno ya huruma, na Sista Mkali alijificha nyuma yake siku nzima. Kila alipopita pale kitandani alijitia kutazama dripu. Mara moja macho yake na ya yule binti yalikutana, na binti ndiye aliyeinamisha uso.

Jumamosi asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia na titi mdomoni. Sista Mkali aliusoma mstari wa kipimajoto mara tatu, akamshukuru Mungu kimya kimya. Angetamani jambo liishie hapo. Ndipo binti akamshika mkono.

"Asante, sista. Nimemfunua kama ulivyonielekeza, na kweli kapoa. Ningekusikia mapema asingeteseka. Mimi mjinga kweli."

Uso wa Sista Mkali uliwaka moto. Angepigwa kofi angeona nafuu.

"Njoo nje mara moja," akasema.

Koridoni, karibu na beseni la kunawia, alimweleza. Alieleza kalkuleta, nukta, mililita moja badala ya karibu mbili. Alisema mkuu wa idara atamwita rasmi, na kwamba ana haki ya kulalamika, tena aandike. Alisema, "Hukukosea chochote. Blanketi halikuhusika. Ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu." Machozi yalimtoka, na sijui kwa nini, alitegemea machozi hayo yangesaidia.

Binti alisikiliza akitazama maji yanayodondoka kwenye bomba.

"Kwa hiyo hakuwa anachemka kwa sababu yangu."

"Hapana."

"Usiku nilikuwa simfuniki. Alikuwa analia kwa baridi, na mimi simfuniki."

Sista Mkali alijifuta machozi kwa kiganja.

"Nimekusikia, sista," binti akasema. "Na asante kwa kuniambia. Lakini ulinisema kule ndani."

Hakusema kwa hasira. Akafunga kanga yake vizuri, akarudi kwa mwanawe.

Saa ya kutazama wagonjwa wodi ilijaa. Mkwe alikuwepo na chupa yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa binti mgongo. Mama Pacha alipomwona mwenzake anatembea kuelekea katikati, pale pale aliposimama Alhamisi, alimshika kiwiko.

"Shoga, usijidhalilishe. Ukisema leo, nani atakuogopa kesho?"

"Niache."

Akasimama. Kwa miaka yote ya kazi hajawahi kutafuta sauti, leo aliitafuta. Watu waliendelea kuzungumza, vijiko viligonga mabakuli. Akaanza.

"Akina mama, naomba mnisikilize. Alhamisi nilimkemea mama wa mtoto huyu hapa. Nilisema kosa ni lake. Halikuwa lake. Lilikuwa langu. Nilikosea hesabu ya dawa, mtoto akapewa nusu, ndiyo maana homa ilipanda. Mama huyu alimlea mwanawe vizuri, na aliponiambia hali ni mbaya, alisema kweli."

Vijiko vilitulia. Mkwe aligeuka taratibu, akamtazama nesi, kisha akamtazama mke wa mwanawe, na mkono wake ukabaki umeshika chupa bila kujua uimimine au uiweke. Mwanamke wa kitanda cha pili alitazama kucha zake. Binti alikuwa ameinua uso, anangoja.

Sista Mkali alidhani amemaliza. Mwili mzima ulikuwa unataka mlango.

"Sista," akaita mwanamke wa kitanda cha mwisho, bila ubaya wowote, "huku hatujasikia."

Binti hakuondoa macho. Sista Mkali akasogea hatua mbele, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ile ile ya Alhamisi.